Siku Baba Mkwe Alipoikagua Bandari

Nilipoolewa Kiogoro, miaka michache baada ya Uhuru, mume wangu alikaa nami wiki tatu tu, kisha akarudi kazini Kendu Bay, kando ya ziwa, alikokuwa karani wa ghala la bandari. Mimi nikabaki kwa wazazi wake kama desturi ilivyotaka. Mke mpya hukaa kwanza na mama mkwe, apike naye, alime naye, ijulikane kama ni mvivu au ana mdomo. Niliambiwa ni kwa miezi michache. Ikawa mwaka, ikawa mwaka na nusu. Mume wangu alikuja kila mwisho wa mwezi, akala, akalala, akaondoka na kuku mmoja kwapani. Kuku wa boma lile walikwenda Kendu Bay mmoja baada ya mwingine, nami niliyewalisha nikabaki.

Sasa mimi ni bibi kizee na sina wa kumwogopa, kwa hiyo nitasema wazi: nilimtaka mume wangu. Nilitaka kumpikia uji asubuhi na kugombana naye jioni kama wake wengine. Kwa hilo nilihitaji ruhusa ya mtu mmoja tu, naye ni baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, mrefu, mwenye mwavuli mweusi aliotembea nao hata kiangazi. Alikuwa na shamba zuri la kahawa ambayo hakuwahi kuionja, maana kanisa lilikataza kuinywa, ingawa halikusema lolote kuhusu kuiuza. Lakini sifa yake kubwa haikuwa kanisa wala kahawa. Ilikuwa bandari. Kwa maneno yake mwenyewe, alipokuwa kijana alikwenda Kendu Bay akabeba mawe ya kujengea gati. Hakuna mgeni aliyekula ugali wa nyumba ile bila kulisikia gati hilo, na mawe yaliongezeka kila mwaka. "Lile gati," alikuwa akisema, "lina mgongo wangu ndani yake." Mama mkwe, kila maneno hayo yakianza, alikuwa anakumbuka kitu jikoni.

Mume wangu alipoandika barua kuomba nimfuate, baba mkwe aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Siku ya nne ndipo akajibu, mbele ya watu wote wa nyumbani.

"Siwezi kumpeleka mke wa mwanangu katika mji ambao sijaukagua. Nilipouacha ulikuwa mji mzuri. Sasa sijui. Nitakwenda niuangalie, na nikirudi nitasema."

Mama mkwe akasema niende naye, maana lazima mtu abebe ndizi za mume wangu, na pia nionje joto la ziwani kabla ya kulililia. Nikaenda upesi kufua leso zangu mbili, baba mkwe asije akabadilisha nia.

Hapa inabidi nieleze kitu. Kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni, na mahali inapobana zaidi ni kati ya mwanamke na baba mkwe wake. Hawapeani mkono. Hawaketi kiti kimoja. Hawagusani, hawatajiani mambo ya mwili wala ya kitanda. Mmoja akienda kuoga, mwingine ni afadhali awe mlima wa pili. Tena baba haingii mahali mwanawe aliyeoa analala na mkewe. Haya yote ni rahisi mkiwa kwenye boma lenye nyumba nne na migomba katikati. Safarini ni kazi.

Ndani ya basi yeye alikaa mbele kabisa, mimi nyuma kabisa na mkungu wangu. Utingo alipomwuliza kama yule mama mwenye ndizi ni wake, alijibu, "Namjua kidogo."

Mume wangu alitupokea stendi, akatupeleka anakoishi, nyuma ya duka la Mhindi mmoja. Nilikuwa nimeiwazia nyumba ile mwaka na nusu. Kilikuwa chumba kimoja. Alipofungua mlango, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa kitanda, na cha pili na cha tatu pia kilikuwa kitanda, kwa sababu kilijaza chumba. Baba mkwe alifungua mwavuli papo hapo akageukia barabara.

"Ndiyo nyumba yote?" akauliza, akiiambia barabara.

"Ndiyo, tata," mume wangu akajibu. Tata kwetu ni baba.

"Na sebule?"

"Ni hapo hapo, tata. Upande wa pili wa kitanda."

Neno lilikuwa limeshatoka. Watu watatu wazima tukawa tunaangalia pande tatu. Mimi niliangalia kuku wa jirani, nikamtambua. Alikuwa wetu.

"Basi," baba mkwe akasema, "nyumba siwezi kuikagua. Nitaukagua mji. Mji ambao vitu vyake vya zamani vimesimama vizuri, mtu anaweza kuishi. Vikiwa vimeoza, mke wa mwanangu anarudi na mimi na hatutasema habari hii tena."

Maisha yangu ya ndoa yalikuwa yamewekwa mikononi mwa kuta za watu nisiowajua. Mume wangu naye hakuweza kutusindikiza, kwa kuwa meli ilikuwa inatarajiwa alasiri na ghala lilimhitaji. Alinielekeza haraka haraka: mtaa wa maduka ya zamani, msikiti wa mawe, kisha gati. Akanikonyeza, akaondoka mbio. Nikabaki kuwa mwenyeji wa mji nisioujua, nikimfuata hatua tano nyuma mzee aliyedai anaujua.

Maduka yalinipa matumaini. Yalikuwa na veranda za mbao, na juu ya milango mwaka wa kujengwa umechongwa kwenye saruji. Baba mkwe aliusoma kila mwaka kwa sauti, kisha akagonga ukuta kwa mpini wa mwavuli na kutega sikio kama daktari. Mwenye duka mmoja, Mhindi, akatoka.

"Mzee, nataka nini?"

"Nakagua."

"Kagua nini?"

"Nyumba. Hii mimi naacha ikiwa bado mtoto," baba mkwe akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, akimwangalia yule mtu kwa huruma. "Sasa imekuwa mzee. Lakini mifupa iko sawa."

Mifupa iko sawa! Nilimshukuru Mungu na fundi wa Kihindi, popote alipo.

Matatizo yalianza tulipochukua njia ya ziwani. Watu wa ufukweni walikuwa na utaratibu wao wa kuoga, tena mzuri: wanaume upande huu wa mawe, wanawake upande ule, na mpita njia anajua pa kuelekeza macho. Sisi wa milimani tulikuwa hatuujui. Ghafla kushoto kwetu kukawa na wanaume wenye sabuni, na hakuna zaidi ya sabuni. Baba mkwe akauinamisha mwavuli kushoto ili nisiwaone, au wasinione, sijui. Hatua kumi mbele, kulia kukawa na akina mama. Mwavuli ulikuwa mmoja. Alisimama akafikiri, kisha akaushusha wote hadi mabegani, akatembea ndani yake kipofu kabisa.

"Ongea, mokamwana," akasema kutoka ndani ya mwavuli. Ndivyo mke wa mwana anavyoitwa kwetu. "Nielekeze."

"Kulia kidogo, tata. Sasa nyooka. Mbele kuna mbuzi."

"Mbuzi nitamwona."

Hakumwona. Lakini mbuzi alimpisha, nasi tukavuka salama, akina mama wakishangilia huko majini.

Alipoutoa kichwa nje, tulikuwa tumefika mahali penye sakafu kubwa ya mawe kando ya maji. Uso wake ukabadilika. Akavua kofia.

"Ni lenyewe," akasema taratibu. "Gati langu. Jiwe lile la pembeni nililibeba peke yangu, mvua inanyesha. Na lile la pili, wanaume wawili walishindwa."

Nilitazama. Sikujua gati linafananaje, lakini nilijua dagaa, na sakafu yote ilikuwa imeanikwa dagaa. Mama mmoja aliyekuwa akiwageuza kwa ufagio alisikiliza, akaona kofia mkononi mwa mzee, akadhani kuna msiba.

"Pole, baba. Mtu wenu amefia hapa?"

"Hapana. Ni mimi nilijenga hii gati."

"Hii?" Yule mama akaegemea ufagio. "Baba, hii ni ya kuanika samaki. Bwana yangu ndiye alijenga, juzi tu. Gati iko kule, ile iko na reli ya trola ya mizigo."

Tukageuka wote. Gati lilikuwa kule, refu, limeingia ziwani, halifichiki hata kwa mtu aliye ndani ya mwavuli. Baba mkwe akarudisha kofia kichwani.

"Najua," akasema. "Hapa tulikuwa tunafanya mazoezi."

Nilikaza meno hadi masikio yakauma. Kucheka ningeweza, tena kwa furaha kubwa, lakini kicheko kile kingenirudisha Kiogoro kwa miaka kumi. Na nilianza kuogopa kitu kingine. Mzee aliyeaibika hukasirika, na mzee aliyekasirika hakosi sababu ya kusema hapana. Kwa hiyo nikasema kwa adabu zote, "Tata, twende basi nikaone lile lenyewe."

Tulipofika gatini hapakuwa na watu ila wapakuzi wachache waliolala kivulini mwishoni kabisa, wakingoja meli. Baba mkwe alilitazama gati. Kisha, pengine kwa sababu ya yule mama wa dagaa, akatangaza kwamba kuna jiwe alilochora alama yake, chini karibu na maji, na kwamba nitaliona kwa macho yangu. Kulikuwa na ngazi za mawe zenye ukungu wa kijani. Nikasema, "Tata, zinateleza." Akasema hawezi kuteleza kwenye kazi ya mikono yake.

Aliteleza kwenye ngazi ya tatu. Hakuanguka vibaya. Alishuka tu akiwa wima, mwavuli juu, hadi maji yakamfika kifuani, akasimama hapo na kofia yake kichwani. Nikakimbia nikainama nikamnyooshea mkono.

"Rudisha mkono huo!" akafoka.

"Tata, utazama!"

"Nizame! Nikuguse mkono nirudi nyumbani nikaseme nini?"

Alijaribu kupanda mwenyewe, akateleza, akajaribu tena, akateleza na maji yakamfika shingoni. Niliita wapakuzi. Mmoja akainua kichwa, akaona mwanamke anagombana na mzee aliye majini, akaamua ni mambo ya nyumbani, akalala tena. Hasira ikanipanda. Nilimkasirikia yeye, chinsoni, wapakuzi na mume wangu mwenye chumba kimoja. Nikafungua leso yangu ya mabegani, nikaisokota, nikamrushia ncha.

"Shika kitambaa, tata! Kitambaa hakina ukoo na mtu!"

Akaifikiria. Wallahi nilimwona akiifikiria, maji shingoni. Kisha akaishika ncha yake, mimi nikaishika yangu, nikavuta kwa nguvu zote za msichana aliyelelewa Nyamache akivuta ng'ombe matopeni. Akatoka. Kati ya mkono wake na wangu kulibaki leso nzima, na hakuna mtu wa ukoo ule aliyeweza kulaumu hata inchi moja.

Sasa alikuwa anatetemeka, suruali imemganda, na kwa vile sikuruhusiwa kumwona hivyo, tulitembea kwa heshima iliyogeuzwa: yaani yeye nyuma, mimi mbele, sigeuki. Nilielekea jengo la kwanza lenye kivuli, ambalo lilikuwa ule msikiti wa mawe. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, mtunzaji wake, alikuwa ameketi barazani. Hakuuliza maswali mengi.

"Karibuni. Ziwa limemsalimu, naona."

Akamwingiza ndani ya kijumba chake, na baba mkwe akatoka akiwa amevaa kikoi cha mistari na kofia ya viua ya yule mzee, kwa kuwa kofia yake mwenyewe ilikuwa ikichuruzika. Mzee wa kanisa la Sabato akaketi kwenye baraza la msikiti. Suruali yake ikaanikwa ukutani. Mimi nikaketi upande wa pili wa nguzo nene, migongo yetu imeielekea. Tukaletewa kahawa chungu. Nikangoja aikatae. Nikasikia anavuta kidogo, kimya, anavuta tena.

"Hii ni kwa sababu ya baridi," akaniambia kupitia nguzo.

"Ndiyo, tata."

"Kumbe ndiyo inakuwa hivi," akasema baadaye, kwa sauti ya mtu aliyepalilia kitu miaka kumi na tano.

Nadhani ni ile nguzo iliyomfungua mdomo. Hatukuwa tumewahi kuongea zaidi ya salamu na chumvi. Sasa hakunitazama, sikumtazama, na baada ya kikombe cha pili akasema:

"Sikujenga gati."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Tulikuja vijana watano. Tulifika asubuhi, tukaandikishwa. Sijabeba jiwe hata moja, meli ikalia. Mimi sikuwa nimewahi kusikia meli. Nilikimbia. Nilikwenda kusimama Oyugis, katikati ya njia ya kurudi kwetu. Wenzangu walifanya kazi, wakarudi na mablanketi. Mmoja hakurudi, alichukuliwa na homa. Nilimwambia mama yangu nami nimefanya kazi. Kisha nikaoa, nikamwambia na huyu mama yako. Baada ya hapo ningewaambia nini nyinyi?"

Mzee wa msikiti alikuwa akipanga vikombe, akijifanya haelewi Kigusii chetu, na kweli hakukielewa.

"Na leo," baba mkwe akaendelea, "nilikuja kutafuta sababu ya kukataa. Huu mji ulinitoa mbio. Ulibaki na rafiki yangu. Una mwanangu. Sasa unataka na wewe."

Hapo nikajua kwamba nisiposema wakati ule, sitasema tena. Kile nilichotaka kusema mwanamke hamwambii baba mkwe wake, hata kupitia ukuta wa benki.

"Tata, mimi nataka kukaa na mume wangu."

Sote wawili tulijua maneno hayo yana kitanda ndani yake. Nikaongeza, nikiwa sina tena cha kupoteza, "Nimechoka kumlisha kuku ambaye ndiye anayekwenda."

Na meli ikalia. Sauti ilitoka ziwani ikapita kifuani mwangu, na mimi mwenyewe nikaruka. Nyuma ya nguzo nikasikia miguu ikisimama ghafla. Nikangoja kusikia mbio. Hazikuja. Baada ya muda nikasikia mtu anaketi tena, polepole. Sijui kama ulikuwa ujasiri, au ni kwa vile suruali ilikuwa bado ukutani. Hata hivyo nilimheshimu.

"Ina sauti kubwa," akasema.

"Kubwa sana, tata."

Hakusema ndiyo wala hapana. Suruali ilipokauka akaivaa, akamshukuru mzee mwenzake kwa mikono miwili, tukamuaga mume wangu ghalani, tukapanda basi, yeye mbele, mimi nyuma. Nililia kidogo hadi tulipofika Oyugis. Niliona nimeharibu kila kitu kwa mdomo wangu.

Jioni ile watu wa boma walijaa kusikia habari. Baba mkwe alikaa kwenye kiti chake, mama mkwe mlangoni akichambua mboga, mimi nje ya mlango nikiosha sufuria moja mara tano. Akaanza na maduka, akasifu mifupa yake. Akaruka samaki na akina mama wa majini. Alipofika gatini akanyamaza. Shemeji yangu mmoja akauliza, "Na lile jiwe lako, tata? Bado lipo?"

Nikaacha kusugua. Angeweza kusema ukweli, angeweza kuukasirikia mji wote na kunizika humo jikoni.

"Muulizeni mke wa ndugu yenu," akasema. "Aliliona."

Macho yote yakanijia. Mimi ni mtoto wa kanisa na nilijua uongo ni nini. Nilijua pia kwamba yule mzee aliyeketi pale hakuwa mwongo zaidi yangu mimi ninayeosha sufuria safi.

"Lipo," nikasema. "Limeshika sana. Hata maji hayalitikisi."

Baba mkwe akakohoa.

"Basi mji ni mzuri," akatangaza. "Aende akakae na mumewe. Lakini mwanangu atafute vyumba viwili. Nikienda kulitazama gati langu, nitaketi wapi?"

Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Baba mkwe, aliyepata nguvu, akainua mkono kuendelea: kulikuwa na msikiti wa zamani pale, wa mawe, na sasa akiufikiria vizuri, nadhani alikuwa karibu kukumbuka jambo kuhusu nguzo zake.

Mama mkwe akaweka mboga chini. Alikuwa hajasema neno jioni yote, na ni yeye aliyekuwa anapoteza mikono miwili shambani na jikoni.

"Mwanangu," akaniambia, bila kumtazama mumewe, "ondoka kesho asubuhi na mapema, kabla huyu hajajenga na msikiti."